Nguo Nyeupe za Mama Daudi

Juzi mteja mmoja aliniletea marekani, ile pamba nyeupe ngumu ya zamani ambayo siku hizi kuipata ni shida, akitaka nimshonee foronya. Nikaikunjua mezani, nikainusa. Ndiyo tabia yetu mafundi, tunanusa kitambaa kabla ya kukipima. Ile harufu ya wanga na ghala ikanipanda kichwani hata nikatafuta stuli nikakaa. Msichana anayejifunza kazi kwangu akaniuliza, "Mathe, uko sawa? Nikuletee maji?" Nikamwambia niko sawa, endelea na vifungo vyako. Sikuwa sawa. Nimeshona miaka mingi katika mji huu wa Nakuru, nguo za shule, za harusi, za kwaya, na kila ninapofika mwisho wa uzi nikafunga fundo, kuna mtu ninamkumbuka. Huwa sisemi. Leo nitasema, maana wenzangu wa rika langu tumeanza kupukutika, na mama yangu, ambaye ndiye angeaibika, ameshapumzika.

Tulikaa Milimani, lakini msinione mtoto wa tajiri. Tulikaa kota, ile nyumba ya chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, kwa sababu mama alikuwa mpishi hapo. Mwenye nyumba alikuwa mama wa kizungu, mjane, mzee, mdogo wa mwili kiasi kwamba nikiwa na miaka tisa nilikuwa karibu kumfikia bega. Yeye na mumewe walikuwa na shamba la pareto huko juu kuelekea Molo. Uhuru ulipokuja shamba likagawiwa watu, mumewe akafa, naye akahamia mjini na masanduku yake. Siku hizo kila mwanamke wa kizungu alikuwa memsaab, mnakumbuka. Yeye alimkataza mama. "Hapana memsaab," alisema. "Memsaab nakwenda na bendera," yaani ile ya Waingereza. Basi mama akamwita kama anavyoitwa mwanamke yeyote wa kwetu, kwa jina la mtoto wake: Mama Daudi. Huyo Daudi mwenyewe alikuwa ng'ambo, anaandika barua. Kiswahili cha mama yake kilikuwa kile cha mashambani, kimevunjika kila mahali, lakini hakukionea haya hata kidogo.

Mama aliniambia kwamba hawa hawakuwa wazungu wa kanisa kama wale tuliowazoea. Walikuwa Wayahudi, na wana nyumba yao ya ibada mjini inayoitwa sinagogi. Haiya! Mimi nilidhani Wayahudi walikwisha kwenye Biblia. Nilikuwa nikiwasikia Sunday school, wakivuka bahari, wakilalamikia chakula jangwani, na sasa naambiwa mmoja wao yuko pale jikoni anamenya viazi. Nikaenda kumuuliza kama anamjua Musa. Akaweka kisu chini, akafikiria kwa makini. "Musa? Kidogo tu," akasema. "Yeye nakaa mbali." Nilimwamini mwaka mzima, na shuleni nikajigamba nayo mpaka nikachekwa.

Mambo yake yalikuwa na utaratibu ambao sisi wa kota tuliujua kuliko majirani zake. Ijumaa jioni aliwasha mishumaa miwili na kuficha uso kwa mikono, na kuanzia hapo mpaka Jumamosi jioni hakugusa kiberiti, kwa hiyo mama aliacha jiko limewashwa. Nyama yake ilitoka Nairobi kwa treni, ndani ya sanduku la barafu, kwa sababu lazima ichinjwe na mtu wao. Treni ikikosa kuleta, alikula mayai wiki nzima na hakunung'unika. Kabla ya Pasaka yao yalikuja maboksi ya mikate mikavu isiyo na chachu, nayo akayagawa kwa kila nyumba ya watu wake, hata wale waliobaki mashambani peke yao huko Subukia na Ol Kalou. Mimi nilipewa kipande. Kilikuwa kama kula kadibodi, lakini nilikimaliza chote kwa heshima.

Siku niliyoipenda ilikuwa Jumatano. Jumatano walikuja wenzake watatu, wakakaa veranda ya nyuma na chai. Kwanza walipanga kazi. Nani anaumwa, nani ampelekee supu. Nani yuko hospitali, nani akakae naye. Nani amefiwa, nani atampikia siku saba. Walizungumza lugha yao iliyochanganyika na Kiingereza, lakini mama alikuwa akileta chai na kurudi kunitafsiria nusu nusu. Sasa nikiwa mtu mzima ndipo naelewa kwamba mji mzima wa Wayahudi wa Nakuru, walivyokuwa wachache, ulikuwa umeshikiliwa na wanawake wanne na birika moja la chai. Baada ya kupanga, walitoa kitambaa cheupe, wakaanza kushona kwa mkono.

Macho ya Mama Daudi yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kazi ya kutia uzi kwenye sindano ilikuwa yangu. "Wewe Wambui, kuja hapa," angeita. "Hii sindano nacheka mimi." Nilijisikia mtu mkubwa ajabu. Nilikaa kwenye ngazi, miguu imejaa vumbi la Nakuru lile la kijivu, nikiwatilia uzi wote wanne kwa zamu, na ile harufu ya marekani mpya ikijaa veranda. Walishona kanzu ndefu, suruali pana, mkanda, na kofia kama kilemba. Zote nyeupe, hazina mfuko hata mmoja.

Ninyi mnaosoma mmeshajua ni nguo gani. Mama pia alijua. Lakini kwetu mtoto haambiwi habari za sanda, kwa hiyo nikajijibu mwenyewe. Mtaani kwetu kulikuwa na Akorino, wale ndugu wa makanzu meupe na vilemba, wanaopita Jumapili wakipiga ngoma, weupe tupu kuanzia kichwani. Nikasema, basi! Wayahudi nao wana siku yao kubwa, wanavaa meupe na vilemba, wanasimama mbele ya watu wote wanaimba. Kila nguo iliyokwisha na kukunjwa niliihesabia mwenyewe moyoni. Hii ya yule mnene, hii ya yule anayekohoa. Nikangoja siku hiyo ifike niwaone.

Kitu kimoja tu kilinikera. Walikuwa hawafungi fundo. Wakianza mshono, uzi unapita hivi hivi. Wakimaliza, wanauacha unaning'inia. Shuleni kwetu tulikuwa na mwalimu wa sindano, mwanamke mkali, rula mkononi, na kitu cha kwanza alichotufundisha ni fundo. Uzi bila fundo alikuwa anauvuta mbele ya darasa, mshono wote unatoka, halafu anakugeukia. Nilichapwa mara mbili kabla sijashika. Baada ya hapo mafundo yangu yalikuwa madogo, magumu, hayaonekani, na mwalimu aliyaonyesha kwa wengine. Kwa hiyo siku moja nikamwambia Mama Daudi kwa adabu kwamba amesahau kufunga.

"Hapana funga," akasema.

"Lakini mwalimu anasema—"

"Kwa shule, sawa. Funga sana. Kwa hii, hapana. Hata moja."

Hakunieleza kwa nini, nami sikukubali. Niliona ni uzee. Nyanyangu naye alikuwa akisema ameshakula na hajaonja kitu. Mzee humbishii, unamwekea chakula karibu halafu unatoka.

Kisha veranda ikaanza kupungua watu. Yule mnene alikwenda kwa watoto wake Uingereza. Mwingine alihamia Nairobi. Yule wa kukohoa akafa, nami nikaambiwa tu amepumzika, na nikasikitika kwamba hatavaa nguo yake. Woi, mtoto! Jumatano moja nikatoka shuleni nikamkuta Mama Daudi amekaa peke yake na vikombe vinne. Alikuwa amevipanga kwa mazoea. Mama aliviondoa vitatu, na Mama Daudi akaendelea kushona, maana Nairobi walikuwa bado wanamtegemea yeye kwa zile nguo. Akizimaliza, anazifunga kwenye karatasi ya kaki na kuzituma kwa treni.

Barua za Daudi zilizidi kuja. Mama, uza nyumba, uje. Najua kwa sababu Mama Daudi alimwambia mama yangu kila kitu, wakikunja mashuka, kila mmoja ameshika pembe mbili. Mama akamuuliza, "Sasa si uende kwa mtoto wako? Hapa umebaki na nani?"

"Na wewe," akasema Mama Daudi. "Na huyu." Huyu ni mimi. "Na mimi nakwenda, nani nashona?"

Sikuwa nimewahi kusikia mtu wa nje ya ukoo wetu akinihesabu kuwa ndiye sababu ya kubaki mahali. Baba yangu alikuwa ameondoka hata hakuniaga. Usiku huo sikumwambia mama, lakini niliamua kwamba huyu nitamtunza mimi, sitaki aende popote.

Nguo ya mwisho niliyomwona akishona ilikuwa fupi kuliko zote. Ilimchukua wiki nyingi. Mikono ilikuwa inatetemeka, mshono unakwenda kombo, nyuzi zinaning'inia kila upande. Nikamuuliza hii ni ya nani. "Hii yangu," akasema, akatabasamu kama mtu aliyejinunulia kitu kizuri. Alipomaliza, akaipiga pasi, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake.

Moyo wangu haukutulia. Nilimwona akilini mbele ya watu wake wote siku ile kubwa, amesimama na kanzu yake, anainua mkono kuimba, na mkono wa nguo unafumuka na kuanguka chini. Watu wanacheka. Mama Daudi wangu, anachekwa! Kwa hiyo likizo ya Agosti, mama alipokuwa sokoni na Mama Daudi amelala mchana, niliingia chumbani kwa kutambaa, nikalivuta sanduku. Nilikaa chini ya dirisha nikafunga. Kila uzi uliokuwa unaning'inia niliufunga. Mahali palipolegea nilipitisha uzi wangu mwenyewe nikafunga tena, mara mbili, kama nilivyofundishwa. Ilinichukua michana mitatu. Nilikuwa na furaha kubwa sana, naomba mniamini. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, hata leo.

Alikufa Ijumaa, kabla ya kupambazuka. Mama alimpelekea chai saa kumi na mbili na nusu akarudi na sinia, chai haijaguswa, akaliweka juu ya karo la kuoshea vyombo na kusimama. Nikajua. Nililia mpaka nikatapika, na mama hakunikemea. Alinifuta uso na kunituma mbio mjini kwa mwenye duka la vitambaa, mzee wa Kiyahudi aliyeshika funguo za sinagogi. Yule mzee alisikia habari akiwa ameshika futi ya kupimia, akaikunja polepole, kisha akaenda kwenye simu kuita Nairobi.

Siku hiyo ndiyo mama aliniambia kwamba Mama Daudi alikuwa amemshika mkono miezi mingi nyuma akamwapisha. Mambo mawili. La kwanza, akifa asiachwe peke yake chumbani. La pili, azikwe siku ile ile. Alikuwa na dada ambaye aliuawa na wengine wengi huko kwao Ulaya wakati wa vita. Hakuna aliyemwosha, hakuna aliyemvisha, wala hajui amelala wapi. Ndiyo sababu alikuwa akishona. "Mimi hapana ngoja," alimwambia mama. "Hata siku moja." Na sasa ilikuwa Ijumaa. Jua likizama Sabato inaingia, na Sabato Wayahudi hawaziki. Asipozikwa leo, angelala pale mpaka Jumapili.

Mama akavuta kiti akakaa mlangoni mwa chumba, mikono mapajani, hakutoka hata kunywa maji. Alikuwa ameshafunika vioo kwa shuka kama alivyofundishwa. Wazee wachache wa Kiyahudi waliobaki walikuwa makaburini na vijana wa kuchimba. Singasinga seremala alileta jeneza la mbao tupu, lisilo na msumari hata mmoja, kama walivyomwagiza. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa wanawake wa kumwosha, maana mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, na Nakuru hakukuwa amebaki hata mmoja anayejua kazi hiyo. Walikuwa njiani kutoka Nairobi. Saa sita hawajafika. Saa nane hawajafika. Mwenye duka alisimama barabarani na saa yake mfukoni, anaitoa, anairudisha. Kumbe kuna lori lilikuwa limelala katikati ya barabara kule kwenye mteremko kabla ya Naivasha.

Walifika saa tisa na nusu, watatu, wamejaa vumbi. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu anayeitwa Ester, mzaliwa wa Eldoret, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mwalimu wangu. Alimkumbatia mama pale mlangoni. "Mama Wambui, umekaa naye?"

"Tangu asubuhi," mama akasema.

"Mungu akubariki. Nguo yake iko wapi? Sisi hatukuleta, tulijua yeye ana yake. Ndiye aliyetushonea sisi wote."

Mama akavuta sanduku la bati. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye korido. Nikaona nguo nyeupe inatolewa, na ndipo, jamani, ndipo nilipoelewa ni nguo ya nini. Sikupata hata muda wa kushtuka vizuri, kwa sababu Ester alikuwa amepeleka mshono dirishani na uso wake umebadilika. Akapitisha kidole kwenye bega. Akapitisha kwenye mkono. Akawaambia wenzake kitu kwa Kiingereza, na mmoja akafunika mdomo.

"Nani ameshika hii?" Ester akauliza.

"Hakuna," mama akasema. "Ilikuwa ndani ya sanduku."

"Imefungwa mafundo. Yote. Yeye asingeweza kufanya hivi, alikuwa akitufundisha sisi." Hakupaza sauti. "Mama Wambui, humu ndani ni wewe tu unayeingia."

Mama yangu alikuwa mwanamke mrefu lakini nilimwona amekuwa mfupi. "Haki ya Mungu, mama," akasema, "mimi sijui. Mimi nimefanya kazi hapa tangu huyu mtoto ananyonya. Siwezi kumfanyia ubaya." Alidhani wanadhani ni uchawi. Labda yule aliyefunika mdomo alidhani hivyo, sijui. Mama akaanza kulia, yeye ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi, na mimi miguu ikanipeleka mbele yenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

Mama aliinua mkono kunipiga. Ester akaushika ule mkono kabla haujanifikia, akauteremsha taratibu. "Kwa nini, mtoto?"

"Ili isifumuke. Akivaa. Watu wasimcheke."

Ester akaangalia dirishani, jua liko wapi, akawaambia wenzake waanze kuchemsha maji. Akanishika bega, akanipeleka veranda ya nyuma, akaketi kwenye ngazi ile ile niliyokaa kila Jumatano. Akanipa sindano, yeye akachukua mkasi mdogo. "Vidole vyako ni vidogo kuliko vyangu," akasema. "Umeyafunga wewe, unajua yalipo. Tuyafungue haraka."

Tukaanza. Woi, jinsi nilivyokuwa nimeyakaza! Nilijilaani kwa kila moja. Ester alikuwa anakata, mimi nachokonoa. Kazi ya michana mitatu, na tulikuwa na saa moja au pungufu. Nikiwa nalia nikamuuliza kwa nini haifai, kuna ubaya gani wa fundo, fundo linashika nguo. Akajibu bila kuinua kichwa.

"Aliyekufa anasafiri, Wambui. Asifungwe na kitu chochote cha hapa. Hana mfuko kwa sababu habebi kitu. Hana fundo kwa sababu hatumzuii. Tunamwacha aende."

"Na likibaki?"

"Halitabaki," akasema. "Wewe ni fundi."

Akaitwa ndani. Maji yalikuwa tayari, na mikono ya wote watatu ilihitajika. Akaniachia mkono wa kushoto wa nguo, wa mwisho. "Maliza huu, kisha ugonge mlango. Usiingie." Nikabaki peke yangu. Nikasikia maji yakimwagwa ndani, na sauti zao tatu zikisoma kitu pamoja, chini chini, kwa upole sana, kama watu wanaoongea na mtoto mchanga. Nikafungua. Lilipobaki moja, ndani kabisa ya kwapa, pale ambapo mshono unakunjwa na jicho halifiki, nikaliwekea ncha ya sindano.

Nilijua vizuri. Msiniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimeelezwa kwa Kiswahili safi, dakika kumi tu kabla ya hapo. Nilifikiri veranda ya kesho, na ngazi, na hakuna mtu wa kuniita kuja hapa. Nilifikiri baba alivyokwenda. Nikaitoa sindano. Lile fundo sikulifungua.

Mlango ukafunguka kidogo, mikono ya Ester imelowa, nywele zimemshuka usoni. "Yameisha yote?"

"Yameisha."

Aliniamini. Hakukagua. Hakuwa na wakati, na mimi nilikuwa nimeshamwambia ukweli mara moja siku ile, kwa nini asiniamini? Akachukua nguo na mlango ukafungwa. Walimzika jua likiwa limebakiza kidole kimoja juu ya milima ya Mau. Mimi na mama tulisimama kando, karibu na ua. Mwenye duka akashika koleo kwa mikono yake mwenyewe, akatupa udongo, kisha wote wakaondoka karibu wakikimbia kwa sababu ya Sabato. Ahadi ya mama ilikuwa imetimia. Aliniambia hivyo njiani, akinishika mkono, amenisamehe.

Siku za kwanza nilikuwa na amani ya ajabu. Nilitoka shuleni nikakaa kwenye ngazi nikahisi yupo. Nilikuwa nimemshika mahali padogo tu, hata hapaumi. Nikamwonea huruma mama ambaye alidhani ameondoka.

Daudi alifika wiki ya tatu, mwanamume mzima mwenye kipara, amevaa koti zito la nchi za baridi. Tulimpeleka makaburini. Udongo ulikuwa bado haujashikana. Alisimama muda mrefu, kisha akamgeukia mama yangu akamuuliza, kwa Kiswahili kilekile kilichovunjika cha mama yake, "Yeye nakwenda vizuri?"

"Alienda vizuri sana," mama akasema. "Siku ile ile. Hakuachwa peke yake. Na nguo yake ilikuwa sawasawa, huyu Wambui ndiye aliyesaidia kuitengeneza."

Daudi akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. Alikuwa analia wazi, hajifichi. Akanishika mikono yote miwili. "Asante," akasema. "Asante sana, Wambui. Sasa yeye huru."

Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa mtu mzima, ni mtoto wake, angemtafuta Ester, angejua la kufanya. Mdomo ulifunguka.

"Karibu," nikasema.

Aliuza nyumba akarudi ng'ambo, na hajarudi tena. Mwenye duka alifunga mwaka uliofuata. Wazee waliobaki walikwenda mmoja mmoja, wengine Nairobi, wengine Israeli, wengine huko huko makaburini, mpaka sinagogi ikakosa watu wa kuifungua, na boksi la mikate likaacha kuja kwa treni. Sisi tulihamia mtaa wa Kaptembwo, hapa hapa mjini. Watu wake wote wameondoka Nakuru, hata wale waliozikwa hapa. Yeye ndiye amebaki, kama nilivyotaka.